NJAA NI MJUMBE: TUIFAHAMU KABLA YA KUITII, NA KABLA YA KUIPUUZA

 

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo ya kheri yaliyoenea katika miji yetu ni watu kurejea katika mazoezi ya mwili. Baada ya swala ya Alfajiri utawaona wazee kwa vijana wakitoka msikitini na kuelekea barabarani, wengine wakitembea, wengine katika mchakamchaka. Jioni viwanja vya mchangani hujaa vijana wanaocheza chandimu mpaka adhana ya Magharibi. Mwezi Disemba 2016 Serikali ya Tanzania, kupitia aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Bi. Samia Suluhu Hassan, ilizindua kampeni ya mazoezi ili kupambana na maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika muongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate baina ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki.

Hayo yote ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo hatulizungumzi, nalo ni sahani. Tunahimizana kutoka jasho, wala hatuulizani tumekula nini kabla ya jasho hilo na tutakula nini baada yake. Kwa kuwa hatuulizani, tumegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea njia.

MAKUNDI MAWILI

Kundi la kwanza ni la wanaoona kuwa mazoezi ni ruhusa ya kula chochote. Mtu ameambiwa na daktari kuwa sukari imepanda na presha imepanda, naye ameitikia kwa kutembea kila asubuhi. Akirudi hupita kwenye mgahawa, akaagiza supu iliyoelea mafuta, chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na akiulizwa husema, "Nimeshaitoa kwa jasho." Baada ya miezi sita anakwenda kupimwa, uzito ni ule ule na sukari ni ile ile. Hapo hukata tamaa, akasema mazoezi hayana faida, akayaacha.

Kundi la pili ni la wanaoona kuwa njaa yenyewe ni sehemu ya mazoezi. Kijana anakwenda uwanjani hajala tangu chai ya asubuhi, anakimbia dakika tisini, na mkubwa wake anamsifu kwa uvumilivu. Wapo hata miongoni mwetu sisi walimu tunaosema kuwa njaa humfunza kijana adabu na humkomaza. Tena kauli hii huvishwa vazi la dini, ikanasibishwa na zuhudi ya wema waliotangulia.

Kundi la kwanza linaitii njaa kila inaposema. Kundi la pili linaipuuza kila inaposema. Mimi naona kwamba njaa ni mjumbe, na haki ya mjumbe ni kusikilizwa, kisha ujumbe wake ukapimwa. Hutakiwi kumfanya sultani, wala hutakiwi kumfungia mlango.

NJAA NI NINI?

Wataalamu wa maumbile ya mwili wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1994 watafiti wa New York waliitambua homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Mwaka 1999 wenzao wa Japani waliigundua homoni nyingine, ghrelini, ambayo hutoka zaidi tumboni na kuchochea hamu ya kula. Ghrelini hupanda kabla ya chakula na hushuka baada yake. La ajabu ni kuwa hupanda kwa kufuata mazoea pia. Aliyezoea kula saa saba mchana, mwili wake utamuita saa saba, hata kama staftahi yake ilikuwa nzito na akiba yake ni tele.

Kwa hiyo si kila njaa ni haja. Iko njaa ya mwili, nayo huja taratibu, huambatana na uchovu na wepesi wa kukasirika, na mwenye nayo hukubali chakula chochote, hata muhogo wa kuchemsha usio na kitoweo. Iko njaa ya mazoea, nayo huja kwa saa yake na mara nyingi huondoka ukishughulika na jambo jingine. Na iko njaa ya macho na pua, ambayo huja ghafla unapopita penye mishikaki, na haikubali muhogo: inataka mishikaki tu. Anayejua kuzitofautisha hizi tatu amepata nusu ya elimu ya kula.

Mazoezi nayo huichezea njaa kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mtu akikimbia kwa nguvu, ghrelini hushuka kwa muda, na ndiyo maana baada ya mbio kali wengi hawatamani chakula. Kisha saa kadhaa baadaye njaa hurudi kwa kishindo. Mwenye kudanganywa na ule utulivu wa mwanzo huahirisha chakula hadi usiku, kisha akala chakula cha watu wawili na kwenda kulala. Matembezi ya pole hayana athari kubwa kama hiyo: anayetembea anaweza kurudi na njaa yake ya kawaida tu, akadhani ameimaliza akiba yote ya mwili.

HESABU AMBAYO HATUIFANYI

Tufanye hesabu kwa uadilifu. Kwa makadirio yanayotumika sana, mtu anapokimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 atatumia kiasi cha kalori 350, na akitembea atatumia pungufu ya hapo. Chapati mbili kubwa za mafuta peke yake zinaweza kuzirudisha zote na kuzidisha, kabla hatujaitaja supu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Basi jasho la saa nzima linaweza kufutwa kwa robo saa ya kukaa kibarazani.

Sisemi haya ili mtu ayaache mazoezi. Mazoezi huusaidia moyo, hushusha presha, na huifanya misuli ipokee sukari ya damu vizuri zaidi, hata kama uzito haukupungua kilo moja. Ninachosema ni kwamba mazoezi hayalipi deni la sahani. Kila kimoja kina mlango wake.

Na kundi la pili nalo lifanye hesabu yake. Mwili huhifadhi sukari katika ini, kiasi cha gramu 100 hivi, na katika misuli kiasi cha gramu 400 kwa mtu mzima wa wastani. Usiku tunapolala, akiba ya ini hupungua sana kwa kuwa ubongo haulali, lakini akiba ya misuli hubaki. Ndiyo maana mtu mwenye afya akitembea nusu saa baada ya Alfajiri bila kula kitu hadhuriki. Lakini kijana anayecheza mpira dakika tisini huila akiba ya misuli yenyewe. Kama mchana hakula, anaingia uwanjani na tangi nusu, na kipindi cha pili miguu inakuwa mizito, akili inachelewa, na majeraha huwa karibu. Huo si uvivu, na wala hautatibiwa kwa kukemewa.

JE, NJAA HUMKOMAZA MTU?

Baina ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 wenye afya waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichokizoea, huku wakitakiwa kutembea kiasi cha kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini la kuzingatia zaidi ni yaliyowapata nyoyoni: walikuwa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, wakawa hawana fikra ila ya chakula, hata baadhi yao wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Vijana hao walikuwa na hiari na imani katika walichokifanya, na bado njaa ya muda mrefu iliwanyang'anya umakini wao. Basi vipi kuhusu mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye hakujitolea, bali hakupewa tu?

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu wanamichezo wanaotumia nguvu nyingi kuliko wanazokula. Madhara yaliyotajwa ni pamoja na mifupa kudhoofika, kinga ya mwili kupungua, na kwa wasichana kukatika kwa ada ya mwezi. Haya yanawahusu mabinti zetu pia, wanaotembea masafa marefu kwenda shule na kurudi, kisha wakaingia jikoni, na wao ndio wa mwisho kupakuliwa.

Nasema kwa heshima zote kwa masheikh zetu: anayeisifu njaa kwa jina la dini na atazame upya. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na njaa, na hakuna anayejikinga na jambo jema. Tumefundishwa pia kwamba chakula kikishaandaliwa na mtu anakitamani, aanze kukila kabla ya swala, kwa sababu moyo wenye njaa haupo pale mwili uliposimama. Na sote tunaijua kauli ya kugawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Wengi huinukuu kwa kukemea shibe, na wana haki. Lakini fungu la chakula limetajwa humo, halikufutwa. Hata Imamu Ghazali, ambaye aliandika mlango mzima katika Ihyaa kuhusu fadhila za njaa, mwisho aliishia kwenye wastani: mtu ale kiasi ambacho hataona uzito wa tumbo wala hataona maumivu ya njaa.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliyapanga mambo ya kuhifadhi afya kwa kuanza na mazoezi, kisha chakula, kisha usingizi. Yeye hakuyatenganisha. Sisi ndio tuliochukua la kwanza tukaacha la pili.

Atasema msemaji: wazee wetu walikwenda shamba alfajiri na wala hawakuanguka. Ni kweli, lakini tusiisimulie nusu ya habari. Wengi wao walikula kiporo kabla ya kutoka, au walichukua muhogo na maji shambani, na jua lilipopanda walipumzika na kula. Waliufahamu mwili wao bila ya kusoma vitabu.

TULE VIPI?

Kabla ya mazoezi. Chakula kamili, kama wali na maharage au ugali na samaki, kitangulie kwa saa tatu hivi. Ukibakiwa na saa moja, chukua kitu chepesi: ndizi mbivu mbili, tende chache, au kikombe cha uji. Epuka vyakula vya kukaanga wakati huo, kwa kuwa mafuta hukawiza tumbo kumaliza kazi, na mtu hukimbia na chakula kikimpanda kooni. Anayetembea nusu saa asubuhi hahitaji kula kwanza, madhali ana afya, lakini anywe maji.

Wakati wa mazoezi. Maji yanatosha kwa mazoezi yasiyozidi saa moja. Yakizidi hapo katika jua kali, ndipo penye haja ya kitu chenye sukari kidogo na chumvi kidogo. Maji ya dafu yanafaa, na ni neema iliyo karibu na watu wa pwani kuliko vinywaji vya rangi vinavyouzwa kwa bei kubwa. Mkojo wenye rangi iliyokoza ni dalili ya kawaida kuwa mwili unadai maji.

Baada ya mazoezi. Usingoje njaa irudi kwa kishindo. Katika saa moja au mbili kula mlo wenye wanga wa kurudisha akiba na protini ya kujenga misuli. Kiasi cha gramu 20 za protini kinatosha kwa mlo huo: mayai matatu hukaribia hapo, na bakuli la maharage pamoja na glasi ya maziwa hukifikia. Dagaa, kunde, choroko na karanga ni vyakula vya watu wote. Kijana anayecheza kila siku anahitaji protini zaidi ya mtu anayekaa tu, lakini hahitaji unga wa kopo ulioagizwa kutoka nje. Aidha, chai tuiweke mbali na chakula kwa saa moja hivi, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha. Badala yake kamulia limau au kula chungwa, nayo husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Na kwa yule anayefanya mazoezi ili apunguze uzito, asiruke milo, apange sahani upya: mboga nusu ya sahani, protini robo, na wali au ugali robo iliyobaki. Ale polepole, kwani habari ya shibe huchelewa kuufikia ubongo. Njaa ikimjia nje ya wakati, ajiulize kama angekubali muhogo mtupu. Kama jibu ni ndiyo, ale. Kama jibu ni hapana, anywe maji na aendelee na shughuli zake.

WENYE KISUKARI NA WAFUNGAJI

Hapa pana hatari ambayo si ya kuifanyia mzaha. Mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kama glibenklamaidi, akifanya mazoezi na tumbo tupu sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Njaa hii ni mjumbe wa kuitikiwa papo hapo: apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, na asipopata nafuu arudie na apelekwe hospitali. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe kwa waganga. Mtu kama huyu asitembee peke yake asubuhi, na mfukoni mwake zisikosekane pipi au tende. Mpango wa dawa, chakula na mazoezi auzungumze na daktari wake, hasa kabla ya Ramadhani.

Ama mwenye afya, Ramadhani haimzuii mazoezi. Mazoezi mepesi yawe karibu na Magharibi ili futari isiwe mbali, na mazito yawe baada ya futari kutulia au baada ya Tarawehe, na daku lisiachwe. Mwezi Februari 1995, ambao karibu wote ulikuwa wa Ramadhani, Hakeem Olajuwon wa Houston alifunga huku akicheza mpira wa kikapu, na alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo katika ligi ya Marekani. Funga ina nia, ina daku na ina futari. Ni njaa yenye mpaka. Haiwi sawa na njaa ya mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza kama amekula.

PENDEKEZO LANGU

Mtoto wa mitaa yetu huamka kwa madrasa ya asubuhi au shule, hurudi mchana akapata au asipate, akaja madrasa baada ya Adhuhuri, kisha baada ya Alasiri akaenda uwanjani. Mwalimu humuona anasinzia juu ya msahafu, akamuita mvivu. Nazungumza nikiwa mwalimu miongoni mwa walimu: kabla ya kuchukua kiboko, tumuulize amekula nini.

Napendekeza kwa kamati za misikiti mambo matatu. La kwanza, kila madrasa iwe na sufuria ya uji wa alasiri, wa mahindi au wa ulezi, wenye karanga za kusagwa au maziwa, kwa kila mtoto bila ya kuulizwa ni wa nani. Atasema mtu kuwa fedha hazipo. Lakini misikiti yetu hupata fedha za mazulia, za vipaza sauti na za rangi, na mtoto ana haki iliyotangulia zulia. La pili, vikundi vya mazoezi vya asubuhi vimalizike kwa staftahi ya pamoja iliyopangwa vyema, viazi vitamu, mayai na matunda, kila mmoja akachangia, badala ya kutawanyikia chapati za mafuta. La tatu, muuguzi au daktari mmoja wa jamaa aalikwe baada ya Ijumaa, walau mara moja kila miezi mitatu, awafundishe watu wazima na vijana, na akina mama wasisahauliwe, kwani wao ndio wenye mwiko mkononi.

Salman alimwambia Abu Dardaa kuwa nafsi yako ina haki juu yako, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Haki hiyo haitekelezwi kwa kuijaza nafsi kila inapoomba, wala kwa kuinyima kila inapodai. Hutekelezwa kwa kuisikiliza na kuihukumia kwa elimu. Anayesoma maneno haya na ana mtoto anayecheza jioni, basi aanze kwake leo: amuulize kabla hajatoka mlangoni, na ampe ndizi mbili mkononi.